Kauli Mbili Zisizopatana

Sema kwa sauti: barua ile zimefika. Sikio la mtu aliyekulia Kiswahili linakataa kabla akili haijajua kinachokataliwa. Mshtuko unatokea kwenye kitenzi, kwenye ile silabi ya zi, lakini hakuna anayeweza kuapa kwamba kosa liko hapo. Huenda barua ni moja na msemaji ameteleza kwenye kitenzi. Huenda ni nyingi, na aliteleza mapema zaidi, akasema ile alipotaka kusema zile. Neno barua lenyewe halitoi ushahidi, maana umoja wake na wingi wake ni mamoja. Ndani ya sentensi mna kauli mbili, kila moja ni halali ikisimama peke yake, na anayejua ipi ndiyo iliyokusudiwa ni msemaji tu.

Sijui njia fupi kuliko hiyo ya kumweleza mtu kosa la aina katika lugha ya programu kama Haskell. Kila kitu ndani ya programu kina aina yake: namba, jina, orodha ya majina, hata fankisheni yenyewe, yaani kile kipande kinachopokea kitu na kutoa kitu. Kompaila, inayousoma msimbo na kuugeuza kuwa maagizo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza, hupita mstari kwa mstari ikihakikisha kwamba kinachotolewa hapa ndicho kinachongojewa kule. Visipopatana, haigeuzi chochote. Programu haipo mpaka vipatane.

Lugha nyingi humtaka mwandishi ataje aina mwenyewe. Katika ukoo wa ML na Haskell kompaila inaweza kuzing'amua bila kuambiwa, na hapo ndipo utamu na shida huanzia pamoja. Hesabu ya kung'amua huko J. Roger Hindley aliionyesha mwaka 1969 akishughulika na mantiki tupu. Robin Milner akaifikia kwa njia yake huko Edinburgh na kuichapisha mwaka 1978. Milner alikuwa na haja mahususi. Alikuwa anajenga ML, lugha ya kuiongoza kompyuta katika kuthibitisha hoja za kimantiki, na hakutaka mtu aweze kuandika programu inayodai imethibitisha jambo ambalo haikulithibitisha. Aina zilikuwa mlinzi wa dai hilo. Naona ni vizuri kulikumbuka, kwa sababu wengi wanaoanza lugha hizi huziona aina kama urasimu, makaratasi ya kujaza kabla ya kuhudumiwa, ilhali zilizaliwa kutokana na swali la uaminifu: nani ana haki ya kusema hili ni kweli?

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila kitu kisichotajwa aina hupewa aina isiyojulikana, kama x ya darasani. Kila mahali kinapotumika huongeza sharti. Hapa kimejumlishwa, basi ni namba. Pale kimepitishwa kwenye fankisheni ya maandishi, basi ni maandishi. Masharti yanakusanywa na kulinganishwa moja baada ya jingine, na lile la kwanza kugongana na yaliyotangulia ndilo linalotangazwa. Mpangilio wa ulinganishaji ukibadilika, kosa lilelile linaweza kutangazwa mstari mwingine kabisa. Mwaka 1986 Mitchell Wand aliandika makala nzima juu ya namna ya kutafuta chimbuko la kosa la aina, kwa sababu tayari ilikuwa wazi kwamba mahali kosa linapoonekana na mahali lilipoanzia ni pawili. Watafiti wanaendelea na kazi hiyo hadi leo, na sidhani kama itaisha, kwa sababu kompaila haina namna ya kujua ulichokusudia. Ina kauli zako tu.

Ninaandika nikiwa Chamazi, barabara ya Mbande, mbele ya Mbagala Rangi Tatu ukitokea mjini. Msomaji anaweza kuona ajabu kwamba mtu wa Temeke ya pembezoni anahangaika na lugha iliyopewa jina la Haskell Curry, mwanamantiki wa Marekani, na iliyotangazwa rasmi na kamati ya wasomi mwaka 1990. Lakini lugha za kifankisheni zilishafika mtaani zamani. Kikundi chochote cha WhatsApp, cha harusi, cha msiba, cha wazazi wa darasa la tatu, kinapitia mitambo iliyoandikwa kwa Erlang, lugha ya kifankisheni iliyotoka maabara za Ericsson, kampuni ya simu ya Sweden, miaka ya 1980. Mwaka 2019 kampuni ya IOHK iliendesha darasa la Haskell mjini Addis Ababa, wanafunzi wake wakiwa wanawake kutoka Ethiopia na Uganda. Vijana wa Mbagala na Tegeta wanaopanda daladala hadi Kijitonyama, kilipo chuo cha TEHAMA cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ofisi za tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, wanakuta huko watu wa kuzungumza nao mambo haya. Wanaobaki nyumbani husoma vitabu walivyopakua bando lilipokuwapo, au walivyoletewa kwenye flashi.

Kitabu cha kwenye flashi kina jambo lake, na hapa nataka kukaa.

Kwanza nieleze kazi ninayotaka kuifanya kwa lugha hii. Ni ya kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA kama vilivyozagaa kote huku. Wanachama hutuma michango kwa simu, na mweka hazina hubaki na lundo la meseji za miamala. Kampuni moja huanza meseji na namba ya muamala, nyingine huanza na kiasi. Moja huandika TSh, nyingine TZS. Yote hayo yanatakiwa yasomwe na kugeuzwa kuwa safu za daftari. Njia ya kifankisheni ni kuandika visomaji vidogovidogo, kimoja cha kusoma kiasi, kimoja cha tarehe, kimoja cha jina, kisha kuviunganisha viwe kisomaji kikubwa. Kila kisomaji ni fankisheni: hupokea maandishi, na hutoa labda kitu kilichosomwa pamoja na maandishi yaliyobaki, labda hakuna kitu. Kwa kuwa visomaji vyote vinaunganishwa kwa namna ileile, inafaa namna hiyo iandikwe mara moja tu, kwa jumla, bila kujali kinachosomwa ni shilingi au tarehe. Huo ndio udhahania. Katika Haskell una jina lake, monadi, wazo lililotokana na kazi ya Eugenio Moggi ya mwaka 1989.

Sasa chukua kitabu cha Real World Haskell, cha mwaka 2008, kizuri na kinachosomwa bure, ambacho vijana wengi wamekihifadhi. Fuata kinavyotangaza monadi, neno kwa neno, kwenye kompaila ya leo. Inakataa. Inasema kisomaji chako hakijatangazwa kuwa aplikativu, na kwamba hitaji hilo linatokana na tangazo lako mwenyewe la monadi. Anayesoma peke yake, usiku, umeme wenyewe wa kubahatisha, atarudia kulinganisha herufi kwa herufi kilicho kwenye kitabu na kilicho kwenye kioo, na hataona tofauti, kwa sababu haipo. Kilichobadilika ni makubaliano. Wazo la aplikativu, namna ya kuunganisha yenye uwezo mdogo kuliko monadi, lilichapishwa na Conor McBride na Ross Paterson mwaka huohuo wa 2008, wakati monadi zilikuwa zimeshatumika katika Haskell kwa miaka mingi, na ikaonekana kwamba lililogunduliwa baadaye ndilo lililo chini: kila monadi ni aplikativu, ila si kila aplikativu ni monadi. Hisabati ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Lugha ilichelewa kukiri, ikakiri mwaka 2015 katika toleo la 7.10 la kompaila ya GHC, na tangu siku hiyo vitabu vingi vilivyotangulia vikawa na mistari isiyokubalika.

Dawa ni mistari michache ya nyongeza. Lakini mwanafunzi wa mjini London angegeuza kiti akamuuliza mwenzake, akajibiwa kwa nusu dakika. Wa huku kwetu anaweza kuiacha lugha nzima kwa kudhani hana akili yake. Mimi sikubali kwamba tofauti hiyo ni ya akili. Ni tofauti ya nani aliyekuwapo chumbani, na wanaosambaza vitabu vya zamani kwa nia njema wangefanya kazi kubwa wakiandika tu, kwenye ukurasa wa kwanza, kitabu hiki ni cha kompaila ya mwaka gani.

Baada ya kizingiti hicho huja makosa yenye elimu zaidi. La kwanza ni la aina za aina. Mtu hutangaza kwamba kisomaji cha shilingi ni fankta, yaani kitu ambacho ndani yake unaweza kubadilisha kilichomo bila kukibomoa chenyewe. Kompaila inamjibu kwamba ilingojea kitu ambacho bado kinahitaji kujazwa, naye ameleta kilichokwisha kujazwa. Kisomaji cha shilingi ni kitu kamili. Kisomaji, bila kusema cha nini, hakijakamilika, na fankta hutangazwa kwa kisichokamilika, kwa sababu kinachotangazwa ni jinsi ya kushughulika na chochote kitakachowekwa pale. Wengi huondoa neno moja, kosa likatoweka, wakaendelea. Afadhali kusimama. Kompaila imeuliza unazungumzia kitu au umbo la kitu, na mtu asiyejua jibu atakutana na swali hilohilo tena mbele, likiwa limevaa maneno magumu zaidi.

La pili hutokea wakati wa kuunganisha. Kisomaji cha kwanza kimesoma kiasi, sasa kiasi hicho kipewe fankisheni itakayoamua kisomaji kinachofuata, nacho kipewe maandishi yaliyobaki. Msimbo unaompa mtu raha kuuandika huiita fankisheni hiyo na kuikabidhi vyote viwili, kiasi na mabaki. Kompaila inakataa: fankisheni hupokea kimoja, wewe umeipa viwili. Kwa mwandishi hilo huonekana la kipuuzi, kwani anajua kabisa kwamba kisomaji ni fankisheni ya kupokea maandishi. Anajua yeye. Kwa mujibu wa tangazo lake, kisomaji ni kitu chenye jina lake, na fankisheni imefichwa ndani. Kukiendesha ni lazima kwanza kukifungua. Ndani ya kichwa, jina na kilichomo vilikuwa vimekuwa kitu kimoja. Kompaila haikuwahi kuvichanganya.

La tatu nalipenda kuliko yote. Unaandika fankisheni uliyoitangaza kuwa inapokea a na kutoa a, a ikiwa aina yoyote utakayo, kisha ndani yake unatoa shilingi. Ujumbe unasema kwamba a ni kigeu kigumu cha aina, hakiwezi kulinganishwa na shilingi. Mwanzoni hili linachosha: si nimesema a ni chochote, na shilingi si ni kitu? Lakini umesema chochote kwa mwitaji. Anayeitumia fankisheni ndiye atakayechagua a ni nini, siku hiyo, mahali hapo, wewe usipokuwapo. Aliyeahidi kwa jumla amejinyima haki ya kuchagua. Anaruhusiwa kupitisha, kupanga, kurudisha kile alichopewa, lakini hawezi kubuni thamani ya aina asiyoijua, kwa kuwa hajui itakuwa nini. Watu hudhani udhahania ni uwezo mkubwa zaidi kwa mwandishi. Kwa anayeandika ni upungufu wa uwezo, uliokubaliwa kwa hiari ili mwingine awe huru, na kosa hili la tatu ndilo linalomfundisha mtu jambo hilo kwa vitendo.

Nimeeleza makosa kwa utaratibu kama kwamba hujitambulisha. Hali halisi ni kwamba ujumbe huja mrefu, wenye majina ya vigeu ambavyo hukuviandika, ukielekeza mstari usio na hatia. Hapo mafundi wa lugha hizi hufanya vitu ambavyo havina siri. Huandika tamko la aina kwa kila kipande, hata pale ambapo kompaila ingeweza kukisia, ili masharti yasisafiri mbali kabla ya kugongana. Huondoa jumla na kurudi kwenye mfano mmoja wa hakika, kisomaji cha shilingi peke yake, mpaka kifanye kazi, kisha hutazama ni wapi hasa neno shilingi lilihitajika na wapi lilikuwa limetajwa tu kwa mazoea. Na huacha tundu.

Tundu limekuwamo katika GHC tangu toleo la 7.8 la mwaka 2014. Mahali ambapo hujui cha kuandika, unaweka mstari mfupi wa chini, _, na kuiomba kompaila igeuze. Haiwezi, lakini sasa ujumbe wake unakuwa maelezo: mahali hapa panahitajika kitu cha aina hii, na vitu ulivyo navyo karibu ni hivi, vyenye aina hizi. Matoleo ya baadaye hata hupendekeza kinachoweza kukaa. Huwa naona heshima fulani katika mazungumzo hayo. Mtu ametangaza wazi sehemu asiyoijua, mahali palepale, kwa ukubwa wake halisi, na amejibiwa kwa kadiri ya alichosema. Shuleni tulizoezwa kujaza kila nafasi, hata kwa kubahatisha, kwa sababu nafasi tupu haina maksi. Hapa nafasi tupu ndiyo inayoleta jibu.

Kusoma meseji, hata hivyo, ni nusu nyepesi ya kazi. Nusu nzito ni fedha zenyewe.

VICOBA huendesha angalau mifuko miwili. Hisa ni akiba ya wanachama. Humo ndimo mikopo hutolewa, na kwa desturi ya vikundi vingi mtu hukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Jamii ni mchango mdogo ulio sawa kwa wote, wa msiba, ugonjwa, na dharura. Zote ni shilingi. Zote hukaa kwenye sanduku moja la chuma lenye kufuli tatu na funguo zilizo kwa watu watatu, na sikuwahi kumwona mweka hazina akizichanganya. Lakini kwa kompyuta, elfu ishirini na elfu ishirini ni elfu arobaini, bila kujali zimetoka wapi. Programu nyingi za vikundi huandikwa hivyo, namba tupu ndani ya safu, na siku ya kuvunja, watu wanapogawana baada ya mzunguko wa mwaka, hesabu hukataa na lawama humwangukia mwanamke mmoja aliyeandika daftari kwa uaminifu mwaka mzima.

Katika Haskell unaweza kuipa shilingi alama ya mfuko wake. Ndani ni namba ileile. Alama ipo kwa ajili ya kompaila tu, na programu ikianza kukimbia haichukui nafasi yoyote wala kuongeza kazi yoyote. Ila kuanzia hapo, Fedha Hisa na Fedha Jamii ni aina mbili. Kuzijumlisha ni kosa la aina, na programu yenye mstari huo haitakuwapo.

Nilitangaza alama hizo, na kompaila ikasimama kwenye hesabu ya mikopo: sehemu moja ilichota jamii ikaipeleka kwenye mkopo. Kwa msimbo pekee mtu angeweza kurekebisha upande wowote kati ya miwili, na programu ingekubalika. Swali lilikuwa la kikundi. Nikaenda kwa mama mweka hazina, nikamwamkia, nikamuuliza: "Mama, wiki ambayo hisa ni chache na wakopaji ni wengi, hamwezi kuazima kidogo kwenye jamii?"

"Mwanangu, ile ni ya msiba na maradhi. Haikopeshwi."

"Hata siku moja?"

Akafikiri. "Labda kikao kikae, kikubali wote. Na iandikwe kwenye muhtasari, tutie saini."

Jibu lake lilikuwa tamko la aina, kamili kuliko lolote ambalo ningelibuni mezani. Sasa limo kwenye programu, mstari mmoja:

hamisha :: Muhtasari -> Fedha Jamii -> Fedha Hisa

Fedha ya jamii inaweza kuwa fedha ya hisa, kwa njia moja tu, na njia hiyo inadai kwanza muhtasari wa kikao. Muhtasari hauwezi kuundwa mahali popote ila kwenye moduli inayopokea saini. Anayejaribu kuhamisha bila kikao hakutani na onyo, wala na ujumbe mwekundu mbele ya wanachama. Msimbo wake haugeuki kuwa programu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi hivi na kuviweka daraja la nne la watoa huduma, lakini sheria ya nchi haishuki hadi kwenye mstari wa hesabu ambapo shilingi moja inakutana na nyingine. Katiba ya kikundi ndiyo inayoshuka hadi huko, nayo mara nyingi iko kichwani mwa mama kama huyu, haijawahi kuulizwa kwa ukali wa kutosha ili isemwe. Kosa la aina liliuliza.

Nisipotoshe. Aina hulinda kile tu ulichotaja. Novemba 2024 Tanzania nzima, pamoja na nchi nyingine nyingi zenye mita za umeme za kulipia kabla, ilifikia ukomo wa uamuzi uliofanywa zamani. Tokeni za LUKU hufuata kiwango cha kimataifa kilichoanzia Afrika Kusini, na ndani ya kila tokeni mna namba ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Namba hiyo ilipewa nafasi ya biti 24, ambazo ni dakika 16,777,216, nazo ziliisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu watu walisimama barazani wakibonyeza tarakimu 20, kisha nyingine 20, kabla ya mita kukubali tokeni ya umeme wenyewe. Waliopanga hayo hawakuwa wazembe; walijua mita ndogo ya siku zile ina uwezo kiasi gani, na kiwango kiliweka njia ya kuvuka. Lakini wakati usio na mwisho uliwakilishwa na kitu chenye mwisho, na kompaila yoyote ingeupitisha uamuzi huo kwa amani. Biti 24 na biti 24 zinapatana. Kauli mbili zinaweza kupatana kikamilifu na zote mbili zikawa na ukomo ambao hakuna aliyeutaja.

Kuna kinga ya kiasi. Julai 2021 tozo ya serikali ilipoingia kwenye miamala ya simu, makato yaliyokuwa ya namna moja, ada ya kampuni, yakawa ya namna mbili. Mwenye programu iliyohesabu makato kama namba moja alikuwa na kazi ya kupekua msimbo wote kwa macho, akiomba asiruke mahali. Aliyetangaza makato kuwa aina yenye matawi aliongeza tawi moja, na kompaila, ikiwa imeagizwa iwe kali, ikamtajia kila mahali palipokuwa hapajui tozo ni nini. Viwango vilipunguzwa mwaka uleule, vikabadilishwa tena baadaye, na kila badiliko lilipita njia hiyohiyo. Orodha ya makosa iliyotokana na tawi jipya ni orodha ya kazi, iliyokamilika, kwa mpangilio. Wahasibu wengi wangeitamani.

Sasa kikundi cha Bunju, kule Kinondoni, kinataka kutumia programu hii, na faini zao zinaingia kwenye jamii. Za Chamazi huingia kwenye hisa. Kwa hiyo mfuko wa faini hauwezi tena kuandikwa ndani. Lazima uwe kigeu, na kila kikundi kichague chake. Nimekiweka, na kompaila imesimama mahali ambapo meseji ya muamala inapokelewa: kigeu cha aina kina utata, inasema, hakuna kinachoamua fedha hii ni ya mfuko gani. Ni kweli. Mwanachama ametuma shilingi elfu kumi na tano, anadaiwa faini ya kuchelewa, ana rejesho la mkopo, na hajanunua hisa za wiki. Meseji haisemi ni za nini. Chamazi mama huamua kwa kumpigia simu mwanachama. Bunju wana wanachama wengi zaidi, na katibu wao anasema kila mweka hazina aliyepita alikuwa na utaratibu wake. Ningeweza kuweka chaguo moja mwenyewe na utata ungeondoka papo hapo. Nimeandika swali badala yake, kwa mifano mitatu ya kiasi na deni, katibu aliingize kwenye ajenda ya kikao chao, pamoja na la pili lililojitokeza kwenye mstari unaofuata: mwanachama aliyehama kabla ya kuvunja, ambaye fedha yake imeendelea kuingia.